Jedwali la Nyumba Kumi na Sita

Kila boksi lilipopata umeme liliuliza swali moja tu: mimi ni nani? Liliuliza kwa kuita kwenye waya, mwito usiosikika kwa sikio la mtu, na likaendelea kuita mpaka lijibiwe. Aliyejibu ni kompyuta iliyokaa ofisini chini ya kitambaa cha kuzuia vumbi, na kompyuta nayo haikuwa na akili ya kwake. Ilifungua jedwali, ikatafuta ile nambari ya kiwandani ya boksi, tarakimu na herufi kumi na mbili, ikaona anwani iliyoandikwa kando yake, ikairudisha kwenye waya. Wewe ni 192.168.10.103. Wewe ni wa nyumba ya tatu. Basi boksi likanyamaza, likaanza kazi.

Jedwali hilo liliandikwa na Karimi.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Ishiara, kule chini kwenye joto na mtama, na mwaka ule wa 1998 alijikuta Timau, ubavuni mwa mlima, akivaa sweta mbili na bado akitetemeka. Chuoni alisomea umeme. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akiulizwa jambo mbele ya watu, shingo ilimwasha na maneno yakamkimbilia tumboni. Lakini mbele ya jedwali hakuwa na haya hata kidogo. Aliandika mistari kumi na sita, akaisoma kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, kisha akachukua kalamu nzito ya wino na kuandika namba ya nyumba ndani ya kifuniko cha kila boksi, ili anayekwenda kulifunga ukutani asipotee.

Shamba lilikuwa la waridi. Nyumba kumi na sita za plastiki zilipangwa mstari mmoja, kutoka barabarani zikipanda kuelekea mlimani. Miaka yote maji yalifunguliwa kwa mikono na kina mama walioajiriwa kwa kibarua. Sasa kila nyumba ilipata boksi lake, kompyuta ndogo isiyo na kioo wala vibonyezo, unayoifundisha ifungue maji saa ngapi, iyafunge lini, na joto likipanda kiasi gani ifungue madirisha ya juu. Waya wa Etheneti uliyaunganisha yote na ofisi. Injinia Nyamu, wa kampuni iliyoyauza, alikuja kutoka Nairobi mara mbili, akaonyesha namna ya kufanya, akaenda zake. Kuyafunga na kuyapa anwani kuliachiwa wasichana wawili wa mkataba wa miezi sita, Karimi na Celina.

Celina alikuwa wa Nkubu. Walijuana chuoni, wakaja Timau pamoja, wakakodi chumba kimoja na kuchangia jiko moja na blanketi moja zito. Yeye alikuwa na mdomo. Aliongea na wenye magari, aliongea na mapolisi, aliongea na Bwana Marete, meneja, kama anayeongea na mjomba wake. Karimi akitaka kitu, chuma cha kulehemu au siku ya mapumziko, alimnong'oneza Celina, na Celina akakisema. Kina mama wa shambani waliwaita Mdomo na Mkono. "Ukiona mmoja bila mwenzake," alisema Mama Teresia, msimamizi wao, "jua mmoja ni mgonjwa."

Mwanzoni mwa Agosti Bwana Marete aliwaita na kuwaambia wazi. Mkataba ungekwisha mwisho wa mwezi, na shamba lingebakisha mmoja. Huyo angeandikwa kazi ya kudumu na kukabidhiwa maji ya nyumba zote.

"Nitawaambia Ijumaa ya tarehe ishirini na nane," alisema. "Msiniletee chai wala maneno matamu. Fanyeni kazi."

Walipotoka nje Celina alicheka. "Mmoja wetu akibaki, mwingine atakuwa anakuja kula kwake. Kuna shida gani?"

Karimi naye alicheka, lakini usingizini aliihesabu ile mistari kumi na sita. Kule Ishiara, baba yake mdogo alikuwa na kinu cha kusagia mahindi na alishasema mara mbili kwamba anahitaji mtu wa kukiwasha na kukizima. Hiyo ndiyo kazi iliyomngoja. Hakukidharau kinu. Ila hapa Timau, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ametengeneza kitu kwa mkono wake ambacho watu wazima walikitegemea, na alikitaka kama mtu anavyoitaka nyumba aliyoijenga.

Alhamisi ya tarehe ishirini yalibaki maboksi mawili, la nyumba ya sita na la nyumba ya kumi na moja. Karimi alikuwa ofisini akimalizia jedwali. Celina akasema, "Lete. Nitayafunga mwenyewe, nirudi kabla ya chai." Akayakumbatia yote mawili kifuani na kwenda, kwa mara ya kwanza bila Karimi. Ijumaa, miche elfu nne ya waridi, iliyopandikizwa juzi yake na bado haina mizizi ya kujitegemea, ilihamishiwa nyumba ya sita, Bwana Marete mwenyewe akiongoza. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa tupu, udongo wake ukipumzika. Jumamosi saa sita mchana, kina mama waliruhusiwa kwenda nyumbani hadi Jumatatu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu shamba lianzishwe. Kuanzia hapo maboksi yangenyunyiza maji yenyewe, kila nusu saa, jua likiwa juu.

Jumatatu asubuhi Karimi alifika wa kwanza, akaondoa kitambaa kwenye kompyuta. Kila kitu kilikuwa shwari. Nyumba ya sita, kilisema kioo, ilikuwa imenyunyiziwa kila nusu saa bila kukosa hata mara moja. Alikuwa bado akitabasamu aliposikia Mama Teresia akiita nje.

Ndani ya nyumba ya sita hewa ilikuwa kavu kama ya jikoni. Miche ilikuwa imelala. Majani yake ukiyagusa yalivunjika.

Mama Teresia hakupaza sauti. Alisimama mikono kiunoni. "Si mlisema maboksi haya yatainywesha miche yenyewe?"

Kichwa cha Karimi kilikuwa kimeshaanza kukimbia. Maji yametoka, kompyuta imesema hivyo, na kompyuta haina sababu ya kudanganya. Kama hayakutoka hapa, yametoka kwingine. Alitoka akakimbia kupanda mlima, akipita nyumba moja baada ya nyingine, na alipofungua pazia la nyumba ya kumi na moja viatu vyake vilizama. Matope yalikuwa yamefika kizingitini. Kwa siku mbili mvua nzuri sana ya mabomba ilikuwa imenyesha juu ya udongo mtupu.

Alifungua skrubu nne za boksi lililokuwa ukutani, akatoa kifuniko na kukigeuza. Ndani, kwa mwandiko wake mwenyewe, kulikuwa na tarakimu moja: 6.

Alikuwa bado amekishika Celina alipofika akihema.

"Uliuliza nani nyumba ya sita ni ipi?" Karimi alimwuliza.

"Niliwauliza kina mama. Walikuwa wanakata nyasi." Celina alikitazama kile kifuniko, akageuka kuutazama mstari wa nyumba, na Karimi akaona jambo lile likimwingia polepole. "Wakanionyesha hii."

Hapo Karimi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ramani ya shamba ilichorwa na mtu aliyetoka Nairobi kwa gari, kwa hiyo nyumba ya kwanza kwake ni ile aliyoifikia kwanza, ya barabarani. Lakini watu wa pande zile, iwe ni Meru au ni Embu, huanza kuhesabu mlimani. Mlima ndio kichwa cha kila kitu, na shamba la mtu huanzia juu likateremka. Ya sita kutoka mlimani ni ya kumi na moja kutoka barabarani. Kina mama hawakusema uongo. Karimi mwenyewe, wiki ya kwanza, aliwahi kuhesabu hivyo hivyo na kujigundua katikati ya njia. Ndiyo maana aliandika ndani ya vifuniko. Lakini kuandika hakusaidii kama anayefunga anaridhika na kidole cha mtu na hatazami paa, ambako namba zilipakwa rangi.

Celina alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nimekwisha," alisema. "Karimi, mimi nimekwisha. Nina barua ya onyo kwa kuchelewa, na Bwana Marete alisema ya pili hataiandika, atanionyesha lango tu. Haitakuwa hata kungoja Ijumaa."

Hakumwomba chochote. Baadaye Karimi aliligeuza jambo hilo mara nyingi, na kila mara aliona hivyo: hakuombwa. Alimtazama rafiki yake juu ya ile ndoo, pua imekuwa nyekundu kwa baridi na kilio, akakumbuka mara ngapi mdomo ule ulimsemea, akasema, "Mimi sina barua yoyote."

Celina aliinua uso.

"Nitasema nilikosea jedwali. Mistari miwili. Mtu anaweza kukosea mistari miwili."

"Watakufanya nini?"

"Sijui. Watanipa onyo la kwanza."

"Nitamwambia mwenyewe," Celina alisema, akimshika mikono yote miwili. "Akipoa tu, nitakwenda nimwambie Bwana Marete kwamba ni mimi. Mbele ya Mungu. Niachie siku mbili tatu apoe."

Kulikuwa na njia mbili za kulirekebisha kosa. Ya kwanza ni kuyafungua maboksi na kuyabadilisha mahali, nusu siku ya kazi, mbele ya macho ya shamba zima. Ya pili ilikuwa dakika mbili. Karimi alirudi ofisini, akafungua jedwali, akazigeuza anwani mbili. Nambari ya kiwandani iliyokuwa kando ya 106, ya nyumba ya sita, sasa ikasimama kando ya 111, ya nyumba ya kumi na moja, na ya 111 ikaja kwenye 106. Celina akazima umeme wa nyumba zote mbili na kuuwasha. Maboksi yakaamka, yakauliza ni nani, yakapewa majina mapya, yakayakubali bila ubishi. Maji yakaanza kutoka palipotakiwa, juu ya miche iliyokufa.

Bwana Marete alipoingia Karimi alisimama na kumwambia. Jambo la ajabu ni kwamba sauti haikutetemeka. "Ni jedwali, Bwana Marete. Niligeuza mistari miwili. Nimeshairekebisha."

Meneja alimtazama muda mrefu, kofia mkononi. "Wewe?"

"Mimi."

"Elfu nne," alisema, si kwa hasira, akatoka kuelekea nyumba za juu.

Jumanne ikapita. Jumatano Celina alipika uji wa asubuhi, jambo ambalo hakulizoea, na kumwekea Karimi kikombe kikubwa. Alhamisi Bwana Marete alionekana akicheka na madereva, na Karimi akamwambia Celina, kwa ile sauti yake ndogo, "Naona amepoa."

"Bado," Celina alisema. "Humjui huyo. Anacheka kwa meno."

Ijumaa waliketi wanne ofisini. Injinia Nyamu alikuwa amekuja kukabidhi mtambo rasmi, suti yake imeingia vumbi la njiani. Bwana Marete aliweka mikono mezani. Alisema kazi imefanyika vizuri, ukiacha nyumba ya sita, na kwamba kabla hajataja jina angependa kusikia kama yupo mwenye neno kuhusu jambo hilo.

Karimi aliinamisha kichwa kumpa Celina nafasi. Aliwaza, ndiyo, hapa ndipo. Amengoja injinia awepo ili aliseme mara moja tu. Moyo wake ukamwendea rafiki yake kwa huruma, maana si jambo jepesi. Akasikia kiti kikisogezwa.

"Mimi sina baya juu ya Karimi," Celina alisema. "Ni dada yangu, tunalala chumba kimoja. Lakini kazi ni kazi. Mimi nilikuwa nafunga tu, jedwali lilikuwa mkononi mwake. Yeye mwenyewe amekubali, na nampongeza kwa hilo. Ni haraka tu. Nilimwambia aliangalie mara ya pili."

Nilimwambia aliangalie mara ya pili. Maneno mengine yote Karimi angeweza kuyaelewa. Mtu akiogopa husema analolipata. Lakini hayo hayakuhitajika. Hayo aliyaongeza kama mtu anayeonja mchuzi na kuuona haujakolea. Karimi aliinua macho kumtafuta. Celina alikuwa akimtazama injinia, uso wake mwepesi, wa ukweli, uso ule ule uliokuwa ukimsemea miaka mitatu.

"Karimi?" Injinia Nyamu alimwuliza. "Una la kusema, dada?"

Shingo ilimwasha. Maneno yalikuwepo, machache na yaliyonyooka: fungueni vifuniko mtazame. Hayakutoka. Na hata yangetoka, yangeshindana na maneno yake mwenyewe ya Jumatatu, na pia na jedwali lenyewe, ambalo sasa lilishuhudia kwamba liligeuzwa na mkono wake.

"Hapana," alisema.

Bwana Marete akalitaja jina la Celina.

Chumbani jioni ile Celina hakuwasha jiko. Alikaa upande wake wa kitanda na koti mwilini.

"Sema basi," alisema. "Nitukane. Hiyo kunyamaza kwako ndiyo mbaya kuliko yote."

Karimi alikuwa akikunja nguo.

"Ulitaka niseme nini?" Celina aliendelea. "Nisimame pale niseme ni mimi, nifukuzwe siku ya kuandikwa kazi? Wewe ungefanya hivyo? Umeniokoa Jumatatu ili unizamishe Ijumaa? Tena wewe una mahali pa kwenda. Una kinu cha baba yako mdogo. Mimi nina nini?"

"Sikutaka useme ukweli," Karimi alisema. Akakunja sweta ya mwisho. "Ungenyamaza tu. Angeuliza kama kuna mwenye neno, nawe ungenyamaza. Kazi ningeikosa hata hivyo, labda. Lakini ungekuwa umenyamaza."

Celina alilivuta lile blanketi zito upande wake, akageukia ukuta.

Jumatatu ya tarehe thelathini na moja ilikuwa siku ya Karimi ya mwisho. Alikwenda kurudisha funguo. Alikuwa ameshinda Jumamosi na Jumapili akiyapanga maneno, na alipoingia kwa Bwana Marete aliyasema yote bila kuketi, akiutazama ukuta: maboksi, kina mama, mlima, kifuniko, ndoo.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

"Najua," alisema.

Karimi aligeuza macho kutoka ukutani.

"Jumatatu ile uliponiambia nilikwenda nyumba ya kumi na moja. Nilifungua boksi. Nikaona sita, mwandiko wako. Nikaenda ya sita nikaona kumi na moja. Mtu anayeandika hadi ndani ya vifuniko hawezi kugeuza mistari. Hilo nililijua kabla sijanywa chai."

"Basi kwa nini?"

Bwana Marete alijikuna kidevu. Hakuonekana kufurahia swali, wala kulikwepa. "Mwanangu, watu wawili wamenidanganya. Mmoja amedanganya kujiokoa. Huyo namwelewa. Najua atadanganya lini tena na kwa sababu gani, nami nitamchunga hapo. Wewe umenidanganya kwa ajili ya mtu mwingine, tena bila kutetemeka, wewe unayetetemeka ukinisalimia. Sijui kesho utamwonea nani huruma. Maji ya shamba siwezi kumwachia mtu nisiyejua uongo wake unatoka wapi." Akaonyesha kwa kidole simu ya mezani. "Na simu ile inalia kutwa. Anatakiwa mtu wa kuijibu."

"Uliniacha Ijumaa nikae pale nisikilize."

"Nilikuachia nafasi useme. Hukusema."

Karimi alisimama, funguo bado mkononi. Alikuwa amekuja na matumaini madogo sana, ambayo hata mwenyewe hakuyakiri, kwamba ukweli ukishasikika utafanya kazi yake, kama boksi linavyofanya kazi likishajibiwa. Kumbe ulikuwa umesikika wiki nzima iliyopita, ukawekwa kando. Sasa alikuwa na wawili wa kuwawazia badala ya mmoja.

"Naomba kitu kimoja," alisema. "Maboksi yale yarudi mahali pake, na jedwali lirudi kama nilivyoliandika. Likiharibika boksi siku moja, mtu atasoma kifuniko, atasoma jedwali, na havitapatana. Miche mingine itakufa."

"Hilo ni la haki. Mpaka saa sita uwe umemaliza. Mchukue Celina."

Walifanya kazi bila kusemezana. Celina alilibeba boksi la nyumba ya sita kuliteremsha kutoka juu, kisha la kumi na moja kulipandisha, mbele ya kina mama waliokuwa wameketi kwa chai ya saa nne. Mama Teresia aliyafuata maboksi yale kwa macho, likishuka moja, likipanda jingine, kisha akamtazama Celina na kugeukia kikombe chake. Alikuwa mtu mzima, na hesabu hii haikumhitaji.

Ofisini Karimi alifungua jedwali na kurudisha ile mistari miwili. Umeme ukazimwa, ukawashwa. Kwenye kioo, miito miwili ikatokea, nambari mbili za kiwandani zikiuliza, zikajibiwa. 106. 111. Safari hii kila boksi lilikuwa mahali palipoandikwa ndani ya kifuniko chake.

Kisha akashuka chini ya mstari wa mwisho. Kuna alama unayoweza kuiweka mwanzo wa mstari, na kompyuta ikiiona huuruka mstari huo; si wake, ni wa watu watakaolisoma jedwali siku nyingine. Karimi akaweka alama hiyo na kuandika kwa vidole viwili, bila haraka: *Tarehe 20 Agosti 1998 boksi la 6 lilifungwa nyumba ya 11, na la 11 nyumba ya 6. Aliyeyafunga ni Celina. Jedwali halikuwa na kosa. Tarehe 24 niligeuza mistari, wa 6 na wa 11, ili kumfichia. Leo tarehe 31 nimeirudisha. Karimi.*

Celina alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma mpaka jina.

"Futa hiyo."

"Futa wewe."

"Bwana Marete akiiona je?"

"Anajua. Alifungua vifuniko Jumatatu ile ile, kabla ya chai."

Karimi aligeuka kwenye kiti na kumwona Celina akihesabu siku, Jumatatu, Jumanne, uji, Alhamisi, mpaka Ijumaa, mpaka kwenye yale maneno aliyoyaongeza na mtu wa kuyasikiliza akiwa tayari anajua. Kazi aliyoipata alipewa na mtu aliyemtazama akidanganya na kuona kwamba inafaa.

Karimi alihifadhi jedwali, akalifunga. Akaitandika kompyuta kitambaa chake, akachukua mfuko wake uliokuwa umesimama karibu na mlango. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa Celina aliposema, "Karimi."

Alisimama. Hakutaka kusimama, lakini alisimama, na ndani yake kitu kile kipumbavu, chenye huruma, kikainua kichwa na kungoja. Neno moja lingetosha. Hakujua angelifanyia nini, lakini alilingoja.

Celina alikuwa akiitazama kompyuta.

"Nenosiri ni lile lile?"

"Ni lile lile," Karimi alisema, akatoka, akauvuta mlango taratibu ili upepo usiubamize.